Salio la laini iliyolala

Swali: Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, anauliza iwapo kampuni ya simu inaweza kufuta salio la laini aliyoiacha muda mrefu.

Jibu: Salio la maongezi, yaani huduma iliyolipiwa kabla ya kutumiwa, hutawaliwa na masharti ambayo mteja huyakubali (mara nyingi bila kuyasoma) anaposajili laini, na namba ikikaa kimya kupita muda uliowekwa humo, huweza kufungwa na kugawiwa mtu mwingine, salio likapotea. Fedha za mtandao, yaani zile za kutuma na kupokea, hazifanani nalo hata kidogo, kwa kuwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni zake hutaka thamani yake ihifadhiwe benki katika akaunti ya udhamini kwa niaba ya wateja. Lalamiko kuhusu salio la maongezi hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na lisipotatuliwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.