Hifadhi ya Picha na Filamu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lipo sanduku, bahasha au albamu yenye picha za jamaa: arusi ya wazazi, babu aliyekwisha fariki, wanafunzi wa darasa moja pamoja na mwalimu wao. Mara nyingi picha hiyo ni nakala moja tu, na negativu yake haijulikani iliko. Ikiharibika, haipatikani nyingine. Watu husema kwamba picha "imezeeka". Kwa hakika uzee wa picha ni mmenyuko wa kikemia. Hauwezi kusimamishwa kabisa, lakini waweza kupunguzwa kasi.

MUUNDO WA PICHA

Picha ya kawaida iliyosafishwa kwa dawa katika chumba cha giza ina matabaka mawili makubwa. La chini ni tegemeo, nalo huwa karatasi, kioo au plastiki. La juu ni tabaka jembamba la jelatini, yaani protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Katika picha nyeusi na nyeupe, ndani ya jelatini mna chembe ndogo mno za fedha. Hizo ndizo zinazofanya weusi. Katika picha ya rangi, fedha huondolewa wakati wa kusafisha, na mahali pake hubaki rangi tatu za kikemia: samawati, majenta na manjano.

Kila sehemu ina udhaifu wake. Jelatini hunyonya maji na kuvimba, nayo ni chakula cha kuvu na wadudu. Fedha hushambuliwa na oksijeni na gesi zenye salfa. Rangi hufifia kwa mwanga na joto.

MAADUI WA PICHA

Unyevu wa hewa. Kiwango kifaacho ni baina ya asilimia 30 na 50. Ukipita asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota juu ya jelatini. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, unyevu mara nyingi hupita asilimia 75. Ndiyo sababu picha huko hugandamana na kuota madoa.

Joto. Joto huongeza kasi ya mimenyuko karibu yote iliyotajwa. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka kuwa nyekundu hata zilipowekwa gizani, kwa kuwa rangi ya samawati ilitangulia kufifia.

Mwanga. Madhara yake hujumlika: mwanga hafifu wa miaka mingi huweza kudhuru kama mwanga mkali wa siku chache. Inayotundikwa ukutani yafaa iwe nakala.

Vitu vya karibu. Karatasi duni hutoa asidi. Plastiki laini ya PVC, itumiwayo katika albamu nyingi, huweza kunata juu ya picha. Gundi, selotepu, pini na mipira ya kufungia huacha alama zisizofutika. Hata dawa ya kuimarishia picha, ikiwa haikusuuzwa vyema siku ya kusafisha, hubaki ndani ya karatasi na kuifanya picha iwe ya manjano.

AINA TATU ZA FILAMU

Filamu za sinema zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa kwa sehemu kubwa za nitrati ya selulosi. Dutu hii huwaka kwa ukali, na kwa kuwa hutoa oksijeni yake yenyewe, huendelea kuungua hata ndani ya maji. Mwezi Desemba 1978 moto wa filamu za namna hiyo uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa habari za sinema katika hifadhi ya taifa ya Marekani huko Suitland, Maryland. Ashukuye kuwa ana filamu hiyo asiijaribu kwa kiberiti, bali aulize wataalamu wa nyaraka.

Aina ya pili ni asetati ya selulosi, iliyoitwa filamu ya usalama. Haiwaki kwa urahisi, lakini ikipata joto na unyevu hutoa asidi asetiki, ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo huharakisha uharibifu ulioizaa, na filamu husinyaa na kujikunja. Mkebe unaonuka siki utengwe na mingine, wala usizibwe kabisa. Aina ya tatu, poliesta, ni imara kuliko zote mbili.

KANUNI ZA NYUMBANI NA SHULENI

1. Picha ishikwe pembeni, kwa mikono safi na mikavu.

2. Majina na tarehe yaandikwe nyuma, karibu na ukingo, kwa penseli laini.

3. Picha na negativu zitengwe, kila moja katika bahasha safi ya karatasi isiyo na asidi.

4. Sanduku liwekwe chumba cha ndani, mbali na sakafu, jiko na ukuta unaopigwa na jua au mvua.

5. Picha zilizolowa zisiachwe zikauke zikiwa zimeshikamana. Zitenganishwe taratibu ndani ya maji safi ya baridi, kisha zianikwe kivulini, uso juu. Kazi hii ifanywe kabla ya siku mbili kupita.

6. Nakala ya kidijitali itengenezwe mapema, lakini picha ya asili isitupwe.

ZOEZI LA DARASANI

Kipande cha picha ya rangi kutoka gazetini kifunikwe nusu kwa kadibodi na kuwekwa dirishani penye jua kwa majuma mawili. Kisha wanafunzi walinganishe nusu hizo mbili.

MASWALI

1. Kwa nini filamu ya asetati iliyokwisha anza kunuka siki huharibika upesi zaidi?

2. Filamu mpya ya asetati, ikiwekwa katika nyuzi 21 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 50, hukadiriwa kukaa miaka 40 hivi kabla ya kuanza kutoa harufu ya siki. Ikiwa kila nyuzi 5 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, itakaa miaka mingapi katika nyuzi 31?

3. Taja mahali panapofaa zaidi kuweka sanduku la picha nyumbani kwenu, na ueleze sababu.