Mafunzo Niliyopata kwa Wazazi wa Simran

Dilwale Dulhania Le Jayenge ilitoka Oktoba 1995, na ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai umeionyesha kwa miongo kadhaa. Wengi huikumbuka kwa mapenzi ya Raj na Simran, yaani Shah Rukh Khan na Kajol. Mimi niliipenda hivyo nikiwa msichana. Tangu nipate watoto, macho yangu huwaacha wapenzi wale yakaenda kwa wazazi wao.

1. Mama anayesema "vumilia" anajua anachokisema

Lajjo, mama yake Simran, amechezwa na Farida Jalal. Familia imeshatoka London na kurudi Punjab, ambako Simran ataozwa Kuljeet, mtoto wa rafiki wa baba yake. Lajjo anakaa na bintiye na kumsimulia maisha yake: utotoni aliambiwa mwanamke na mwanamume ni sawa, kisha alipokua akaachishwa shule ili kaka zake wasome. Alipomzaa Simran aliapa kwamba huyu hatayapitia hayo. Sasa anamwomba amsahau Raj.

Maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa mama zetu, jikoni, posa isiyotakiwa inapokuwa imeshapokelewa sebuleni. Ni rahisi kumhukumu Lajjo, lakini tumngoje. Usiku wa Karva Chauth, siku ambayo wanawake hufunga kwa ajili ya waume zao, anawakuta Raj na Simran darini wakilishana. Anarudi na vito vyake vya dhahabu, anampa Raj na kumsihi amchukue bintiye waondoke. Mwanamke yuleyule! Kiapo chake kilikuwa hai muda wote.

2. Ukali wa baba una hofu ndani yake

Filamu inaanza na Baldev, aliyechezwa na Amrish Puri, akiwalisha njiwa Trafalgar Square huku moyo wake uko Punjab. Ana duka lake London, ila mji haujawa wake. Ndiyo maana ahadi ya ndoa aliyompa rafiki yake Ajit anaishika kwa mikono miwili: binti akiolewa nyumbani, naye atakuwa amerudi. Wazee wetu walioko Uingereza, Kanada au Muscat, wanaotaka binti aolewe Unguja au Mombasa, ninawaelewa zaidi kwa sababu ya Baldev. Kuwaelewa si kukubaliana nao. Baldev huyohuyo ndiye anayemruhusu Simran azunguke Ulaya na rafiki zake, baada ya binti kumwomba kwa unyenyekevu, alfajiri, ibada ikiwa imekwisha. Anampenda kweli, na anamfunga kweli.

3. Baba anaweza kuwa rafiki

Raj anafeli chuo, na baba yake, Dharamvir, anasherehekea. Uchangamfu wa namna hiyo ni mwepesi kwa mwenye mali. Kinachonigusa kwake ni kingine: mwanawe anaporudi kutoka safari ya Ulaya, alikokutana na Simran, akiwa na huzuni, anaiona, anauliza, kisha anamsukuma aende akamtafute mpenzi wake.

4. Ridhaa ya wazee isilimeze neno la binti

Raj anakataa kutoroka. Anataka Baldev mwenyewe amkabidhi Simran, kwa hiyo anaingia kwenye nyumba ya arusi, anasaidia wanawake kazi, anajipendekeza kwa kila mtu. Ninamheshimu kwa hilo, maana ndoa iliyofungwa kwa kutoroka huacha jeraha refu katika ukoo. Lakini Simran amemsihi waondoke, naye ameamua peke yake. Mwishoni, kwenye kituo cha treni, Baldev amemshika binti mkono, treni inaondoka, Raj yuko mlangoni damu ikimtoka. Kila ninapoitazama sehemu hiyo huutazama mkono ule wa baba. Furaha yote ya Simran imebaki kungoja vidole vya mtu mwingine vilegee.

Kwetu pwani binti huulizwa na walii wake kabla ya nikaha kama ameridhia. Ni haki yake, na ni jambo zuri sana. Ila mara nyingi huulizwa wageni wameshafika na pilau limeshaiva, na hapo atajibu nini? Mimi binti zangu ninawauliza sasa, kabla mshenga yeyote hajapiga hodi, na baba yao huwa amekaa hapohapo anasikiliza.