Safari Fupi Yataka Matayarisho Marefu

Lipo jambo jipya katika parokia zetu. Zamani mmisioni alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo, aliyewaaga jamaa zake akijua kwamba huenda asiwaone tena duniani. Siku hizi vijana wetu wenyewe, na pengine akina mama na wazee wa halmashauri, waomba ruhusa ya kwenda nchi jirani kwa majuma mawili au matatu, kufundisha watoto dini, kuimba, kusaidia ujenzi, kutazama wagonjwa, kisha kurudi nyumbani. Baba na mama huombwa nauli. Jumuiya huombwa mchango. Wengi hutoa kwa moyo mweupe, wala hawaulizi zaidi ya siku ya kuondoka.

Sisi twaona yafaa kuuliza zaidi, wala si kwa kuwa twalichukia jambo hili. Papa Pio wa Kumi na Mbili, katika barua yake Fidei Donum ya tarehe 21 Aprili 1957, aliwasihi maaskofu wawaachie baadhi ya mapadre wao waende kutumika Afrika kwa muda. Naye Papa Paulo wa Sita, alipofika Kampala mwaka 1969, aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ndio wamisioni wa bara lao. Basi atakaye kwenda yu katika njia njema. Lakini aendaye kwa miaka kumi aweza kukosea mwaka wa kwanza na kujirekebisha mwaka wa pili. Aendaye kwa siku kumi na nne hana mwaka wa pili. Kosa lake hubaki kwa wenyeji, naye amekwisha panda basi. Kwa hiyo safari iliyo fupi ndiyo inayotaka matayarisho marefu kuliko zote.

Tufungue pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 13 na ya 14. Humo imo habari ya safari ya kwanza ya Mtakatifu Paulo na Mtakatifu Barnaba: kutoka Antiokia ya Siria kwa njia ya bahari mpaka Kipro, kisha Perga, Antiokia ya Pisidia, Ikonio, Listra na Derbe, na kurudi kwao. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi, kama hizi zetu. Tuisome polepole, kwa maana karibu kila taabu iwapatayo wasafiri wa leo imo humo.

Jambo la kwanza ni kwamba hawakujituma. Kanisa la Antiokia lilifunga, likasali, likawawekea mikono, likawaaga. Kwetu maana yake ni hii: paroko ajue, askofu ajue, na jumuiya iliyochanga ijue majina ya waendao. Tena upande wa pili uwe umeita. Barua ya paroko wa kule, yenye kutaja kazi inayotakiwa na watu wangapi wanaotakiwa, ipatikane kabla ya kukusanya hata senti moja. Kikundi kisicho na barua kama hiyo, kwa maoni yetu, kikae nyumbani. Hata kama kimekwisha shona sare.

Walikuwa pamoja na kijana, Yohane aitwaye Marko. Walipofika Perga aliwaacha akarudi Yerusalemu. Maandiko hayasemi sababu, nasi tusimzulie. Twajua tu kwamba baadaye Paulo na Barnaba walishindana vikali juu yake hata wakaachana, Barnaba akamchukua Marko kwenda naye Kipro. Na mwisho wa maisha yake Paulo mwenyewe aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi. Wazazi, hapa pana neno lenu. Mjueni mtoto wenu kabla hajaondoka: je, aweza kulala chini, kukaa na njaa kidogo, kuamriwa na mtu asiyemzaa? Na kama akirudi kabla ya siku zake, msimtie aibu mbele ya majirani.

Sasa twafika Listra, na hapo tukae kidogo. Mtume Paulo alimponya mtu aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa. Makutano walipoona hayo walipaza sauti kwa lugha yao wenyewe, Kilikaonia, wakisema kwamba miungu imewashukia katika sura ya wanadamu. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnenaji. Kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua mpaka malangoni, tayari kutoa sadaka. Ndipo mitume walipong'amua, wakararua mavazi yao, wakaenda mbio katikati ya watu wakiwazuia.

Kwa nini walikawia kung'amua? Mwandishi ametaja lugha. Mitume walisema Kiyunani, na watu waliwasikia. Lakini watu walipofurahi kweli kweli, walirudia lugha ya mama zao, na wageni wakawa kama viziwi. Na wale wale waliotaka kuwatolea sadaka, hawakukawia kumpiga Paulo kwa mawe, walipochochewa na watu waliotoka Antiokia na Ikonio. Mgeni aliyepandishwa juu mno huangushwa kwa kishindo.

Nasi tunayo hatari hii, na labda Kiswahili chetu kimetuzidishia. Twadhani kitatufikisha popote. Tutwae mfano wa jirani wa karibu: kikundi kinachovuka mto Songwe kwenda Jimbo la Karonga, kaskazini mwa Malawi, jimbo lililotengwa na lile la Mzuzu mwaka 2010. Wapo huko wanaofahamu Kiswahili, hasa karibu na mpaka na sokoni. Lakini bibi kizee anayeuguliwa na mjukuu hatalia kwa Kiswahili. Atalia kwa Kingonde au kwa Kitumbuka. Kijana wa Kyela, ambaye pengine shuleni alionekana wa kawaida tu, ataelewana naye, kwa sababu Kinyakyusa na Kingonde ni ndugu wa tumbo moja. Shukrani ni “ndaga” ng'ambo zote mbili za mto. Kijana wa mjini mwenye Kiingereza kizuri atasimama akitabasamu. Basi viongozi wanapochagua watu, wasitazame vyeti peke yake.

Asiye na lugha hiyo ajifunze, walau maamkio, shukrani, kuomba radhi, na Baba Yetu. Kwa Kitumbuka huulizwa “Muli uli?”, kwa Kichewa, lugha inayosikika zaidi kuelekea kusini, huulizwa “Muli bwanji?” na kushukuru ni “Zikomo”. Miezi mitatu, jioni moja kila juma, yatosha kwa hayo. Papa Benedikto wa Kumi na Tano, katika barua yake Maximum Illud ya mwaka 1919, aliwataka wamisioni wazijue barabara lugha za watu wao. Kardinali Lavigerie naye aliwaagiza Mapadre Weupe waseme lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao. Hatuwezi kutimiza yote hayo kwa majuma mawili. Lakini mtu akikuona umejitaabisha kwa maneno ishirini ya lugha yake, atakusamehe mia usiyoyajua.

Pamoja na lugha, wasafiri wasome habari za mahali. Malawi si nchi isiyosikia Injili. Wamisioni wa Montfort walianza kazi huko mwaka 1901, na kanda ya kaskazini ilikwisha fikiwa na Wapresibiteri wa Uskochi, ambao misioni yao ya Livingstonia ilianza mwaka 1875. Wakatoliki wa Karonga waishi na majirani wa madhehebu hayo, waoana nao, wazikana nao. Mgeni akitoa mahubiri ya kuwabeza wenzao kwa dakika kumi, atakuwa ameharibu ujirani wa miaka mingi. Na liko lile ziwa: sisi twaliita Nyasa, wao waliita Malawi, na serikali zetu mbili zimebishana kwa muda mrefu juu ya mpaka wake. Mjadala huo usipandishwe mezani. Mezani kuna nsima, yaani ugali, na samaki wadogo waitwao usipa. Bwana wetu alipowatuma wale wanafunzi wawili wawili, kama asimuliavyo Mtakatifu Luka katika sura ya 10, aliwaagiza wale walivyoandaliwa, wala wasihame-hame nyumba. Twajua watu ambao utume wao wote uliharibiwa na kunusa sahani.

Kuhusu kazi yenyewe, sisi Watanzania tuna mwalimu mmoja tusiyemtumia: tumekuwa wenyeji muda mrefu. Tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 tumepokea wageni wa kila namna, na miaka hii twapokea pia vikundi vya vijana kutoka Ulaya na Marekani. Twajua ni nani kati yao hukumbukwa kwa mema. Waashi wetu wamekwisha simama pembeni wakitazama wageni wasiojua kushika pima maji wakiinua ukuta, ukuta ambao uliwapasa wao kulipwa kuujenga. Watoto wetu wamekwisha kumbatiwa, wakapigwa picha, wakaahidiwa barua, wakangoja. Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi twaongeza, jembe hilo apewe na mwenye shamba, alime pale aonyeshwapo. Basi tusiende kufanya kwa jirani yale tuliyoyanung'unikia kwetu. Pima maji ashike fundi wa kule, kijana wetu abebe maji na mchanga. Mafundisho aongoze katekista wa kule, wetu wamsaidie. Muuguzi asitoe dawa bila kibali cha wakuu wa afya, wala bila kuandika katika daftari la zahanati, ili atakayemtazama mgonjwa juma lifuatalo ajue alichopewa. Paulo na Barnaba hawakuondoka mpaka wameweka wazee katika kila kanisa. Kazi waliiacha mikononi mwa wenyeji.

Ahadi zipigwe marufuku kabisa. Yeyote aulizwaye juu ya karo, baiskeli au bati, ajibu kwamba atampelekea paroko neno hilo, basi.

Na watoto wasiachwe peke yao na mgeni ye yote, mwanamume au mwanamke, kijana au padre. Wawe wakubwa wawili daima, mahali paonekanapo. Wala picha ya mtoto isipigwe na kupelekwa huku na huku bila wazazi kukubali. Kanisa limepata majeraha makubwa kwa kudharau jambo hili, na mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria, Vos estis lux mundi, inayowabana mapadre na watawa kutoa taarifa ya maovu hayo. Mkuu wa kikundi asiyetaka kulisema wazi kabla ya safari hafai kuongoza.

Sasa fedha. Tuseme watu kumi wataka kwenda, na kila mmoja atatumia shilingi 400,000 kwa nauli, chakula na hati. Hizo ni milioni 4. Paroko wa kule aandikiwe na kuulizwa kwa uwazi: je, apenda watu kumi, au watu wawili pamoja na bei ya bati za nyumba ya katekista? Swali hili ni gumu, kwa sababu laweza kuwapunguza waendao, na kila mzazi hudhani wa kupunguzwa ni mtoto wa mwenzake. Lakini mama aliyeuza debe la mahindi ili achangie ana haki liulizwe. Pengine jibu litakuwa “njooni wote”, kwa kuwa kuna upweke ambao bati haziuondoi. Mkristo wa mpakani hufurahi kuona kwamba kuna wenzake wanaomjua kwa jina. Likija jibu hilo, waende wote kwa amani.

Ya mwili twayataja kwa haraka. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe imebakiwa na miezi 6 ya kutumika. Panapodaiwa cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, aliye nacho asichomwe tena. Watu wa nyanda za baridi, kama Njombe na Makete, ambao miili yao haikuzoea malaria, wamwone mganga kuhusu dawa za kinga, na chandarua kisisahauliwe. Akina dada wachukue vitenge, kama wafanyavyo wenzao wa huko. Sanduku liwe moja, na mwenye nalo aweze kulibeba mwenyewe kilomita mbili.

Tena wasali pamoja kabla ya kwenda, si siku ya kuaga tu. Watu wasiozoea kusali pamoja hukosana siku ya nne, juu ya ndoo ya maji.

Waliporudi Antiokia, mitume walilikusanya kanisa wakawaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao, wakakaa na wanafunzi muda mrefu. Hilo kwetu husahauliwa upesi: kijana hushuka basini, hulala, na Jumapili huonyesha picha. Mkuu wa kikundi aandike taarifa katika mwezi ule ule, yaliyofanyika na yaliyoshindikana, pamoja na hesabu ya kila shilingi, aisome mbele ya jumuiya zilizochanga. Na nakala yake ipelekwe kwa paroko wa kule, apate kusahihisha.