Kikosi cha Waandishi wa Kiufundi katika Kampuni ya Programu za Kompyuta: Hoja ya Upatanisho wa Kisarufi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kuunda kikosi cha waandishi wa kiufundi, yaani watu wanaoandika miongozo, maelezo ya msaada na ujumbe unaotokea kwenye skrini, ndani ya kampuni inayotengeneza programu za kompyuta. Desturi iliyozoeleka ni kumwita mwandishi kazi ikiwa imekwisha, ili aeleze kile ambacho wengine wametengeneza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa upande wa Kiswahili, desturi hiyo huzaa kasoro za kisarufi ambazo haziwezi kurekebishwa baadaye kwa kalamu peke yake.

2.0 Mwandishi na Mtengenezaji

Wazo la kumweka mwandishi karibu na mtengenezaji si geni. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, uliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ambao ndio walioutengeneza mfumo wenyewe. Mwongozo huo ulitenga sehemu maalumu ya kutaja kasoro za programu inayoelezwa. Hivyo uandishi ulikuwa pia ukaguzi, kwani aliyeiandika kasoro alikuwa na uwezo wa kuiondoa.

Brooks (1975), aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika IBM, anaeleza pendekezo la Harlan Mills la kikosi cha watu kumi kinachofanana na kile cha chumba cha upasuaji. Katika kikosi hicho mtengenezaji mkuu huandika rasimu ya maelezo, na mhariri huihakiki na kuisimamia mpaka itoke. Yumo pia mjuzi wa lugha. Lakini lugha inayokusudiwa ni ile ya kuandikia programu, si lugha ya mtumiaji. Pengo hilo ndilo linalohusika hapa.

3.0 Tatizo la Upatanisho

Katika Kiingereza, neno linaloarifu kwamba kitu kimefutwa hubaki lilivyo, nomino iwe yoyote. Mtengenezaji hulihifadhi mara moja tu, kisha huacha nafasi wazi ambamo kompyuta hupachika nomino. Kiswahili hakiruhusu jambo hilo:

(1) a. Faili limefutwa.
b. Picha imefutwa.
c. Waraka umefutwa.
d. Kielelezo kimefutwa.
e. Mtumiaji amefutwa.

Kiolezo chenye "imefutwa" ni sahihi kwa (1b) peke yake. Katika wingi tatizo huongezeka: mafaili yamefutwa, picha zimefutwa, vielelezo vimefutwa. GNU gettext, zana inayotumika sana kutenga ujumbe na programu ili utafsiriwe, ina utaratibu wa umoja na wingi, lakini haina utaratibu wa kuchagua kiambishi kwa kufuata ngeli. Mfasiri anayekabidhiwa kiolezo cha namna hiyo hulazimika kukwepa, kwa mfano kwa kuandika "Kufuta kumekamilika: faili". Ukwepaji wa mara moja huvumilika. Ukienea katika programu nzima, mtumiaji huzoeshwa Kiswahili kisicho na ngeli.

Hali hiyo huikabili kazi yoyote ya kutafsiri programu iliyobuniwa kwingineko, ikiwa ni pamoja na Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampuni inayobuni programu yake yenyewe haina sababu ya kujitia katika kifungo hicho.

4.0 Muundo wa Kikosi

Kutokana na hoja hiyo, kikosi kinahitaji nyadhifa tatu. Kwanza, mwandishi anayehudhuria vikao vya usanifu, mwenye mamlaka ya kukataa kiolezo kisichokubali upatanisho kabla hakijaingizwa katika programu. Pili, mwanaistilahi anayetunza orodha moja inayoonyesha ngeli na wingi wa kila nomino. Kazi yake si ndogo: wapo wazungumzaji wanaoiweka "faili" katika ngeli ya LI/YA, na wengine katika I/ZI, na waandishi wawili wa kikosi kimoja waweza kutofautiana. Tatu, mhariri. Brooks anashikilia kwamba mawazo yaweza kutoka kwa wengi, lakini maandishi yapitie mikono ya mtu mmoja au wawili ili yawe na sauti moja.

Yaweza kudaiwa kwamba kumwajiri mwandishi mapema ni hasara, kwa kuwa usanifu hubadilika na maandishi hutupwa. Dai hilo lina ukweli kuhusu miongozo mirefu. Halina nguvu kuhusu violezo na istilahi, kwani hivyo ni sehemu ya usanifu wenyewe, na kuvibadilisha baadaye humaanisha kuifungua programu upya.

5.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa upatanisho wa kisarufi ni suala la usanifu kabla ya kuwa suala la tafsiri. Katika kampuni ndogo mtu mmoja aweza kushika nyadhifa zote tatu. Lisiloweza kuahirishwa ni wakati wa kumwingiza kazini. Idara za Kiswahili nazo zina wajibu wa kuwaandaa wahitimu wanaoweza kuketi katika vikao hivyo na kuieleza ngeli kwa mtu ambaye hakusoma isimu.