Kupanga matukio katika video ya afya: mfano wa Kyela

Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hupata mvua nyingi. Mito kama Kiwira na Mbaka inapofurika, visima huchafuka na kipindupindu huweza kuzuka. Video fupi ya kutayarisha maji ya ORS, ikipita simu kwa simu hadi Matema, huweza kumfikia mgonjwa kabla ya mhudumu. Hivyo, mpangilio wake ni sehemu ya tiba.

Matukio yake ni manne: kunawa mikono kwa sabuni; kuchemsha maji na kuyapoza; kumimina paketi nzima katika lita moja; kumnywesha mgonjwa kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni. Tukio la kuchemsha likiwekwa baada ya lile la paketi, mtazamaji atachemsha dawa yenyewe, kinyume cha maelekezo.

Kulirekebisha si kazi kubwa. Kwenye mstari wa wakati, mhariri hubofya picha ya tukio, kisha huteua na sauti yake, kwa kuwa picha ikihama peke yake maneno hubaki nyuma. Huviburuta vyote pamoja hadi mahali pake, akihakikisha havikufunika tukio jingine wala kuacha pengo jeusi. Akikosea, hubonyeza Ctrl na Z.

Mwisho, mtu asiyeijua video huitazama na kueleza hatua kwa mpangilio. Akizichanganya, mhariri hurudi mezani kabla video haijasambazwa.