Tawi Limelala, Fedha Ziko Macho

Tawi la fratenati limefungwa. Vijana wametawanyika, herufi za Kigiriki zimeshushwa ukutani, na benki kuna fedha ambazo hakuna mwanafunzi aliyebaki wa kuziulizia. Ninyi wahitimu, wanaume wa miaka arobaini, hamsini, sabini, ndio mlioachiwa mpaka siku tawi litakapofufuliwa. Kwetu pwani hali hiyo ina jina lake: mmekabidhiwa mali ya yatima. Mlezi wa mali ya yatima haulizwi alimpenda marehemu kiasi gani. Anaulizwa daftari.

Kwa asiyesoma Marekani: fratenati ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume wa chuo, chenye jina la herufi za Kigiriki, siri zake, na mara nyingi nyumba yake. Mzizi wa majina hayo ni Phi Beta Kappa, iliyoanzishwa 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia. Zile za kuishi na kusherehekea pamoja zilichipuka Union College, New York, kuanzia 1825. Watu weusi, waliofungiwa milango, walijenga zao. Alpha Phi Alpha ilizaliwa Cornell mwaka 1906, na Kwame Nkrumah mwenyewe alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma. Si mambo ya kitoto, na mali zake si za kitoto.

Nilikaa miaka sita kwenye bodi ya wahitimu ya tawi lililofungwa, Mswahili peke yangu mezani. Masharti haya ni kwa wanaoingia kwenye bodi kama ile, wakiwemo vijana wetu waliosoma huko na sasa wanaitwa kuchangia na kupiga kura. Sikuyapunguza makali.

Fahamu kwanza kipi ni cha nani. Kabla ya kugusa senti, weka mezani karatasi zote. Tawi la wanafunzi lina akaunti yake. Nyumba, kwa kawaida, haimilikiwi na wanafunzi bali na kampuni ya nyumba, ambayo ni shirika la wahitimu lililosajiliwa kwenye jimbo na lenye hati miliki. Huenda kuna mfuko wa elimu, nao ni shirika la tatu. Juu yao wote yako makao makuu ya kitaifa, ambayo katiba yake inaweza kusema kwamba hati ya tawi ikichukuliwa, mali ya tawi inakwenda huko kutunzwa. Soma kifungu hicho. Kisome tena ukiwa na mwanasheria. Nimeona wazee wakitumia mwaka mzima kugombania fedha ambazo kwa mujibu wa katiba waliyoiapia wenyewe wakiwa na miaka kumi na tisa, hazikuwa zao kugombania.

Usiweke fedha za tawi kwa jina la mtu, hata mtu huyo awe mtakatifu. Kwetu mweka hazina alikuwa mtakatifu kweli. Alihamisha salio kwenye akaunti yake binafsi kwa sababu benki ilikuwa inakata ada kwenye akaunti isiyotumika, na alitaka kutuokolea dola kumi na mbili kwa mwezi. Kisha akafariki. Akaunti ikaingia kwenye mirathi pamoja na gari lake na boti yake ya uvuvi. Mjane hakuwa na ubaya wowote. Alichokuwa nacho ni mwanasheria aliyeuliza swali moja tu, iko wapi karatasi inayoonyesha kwamba fedha hizi si za marehemu? Hatukuwa nayo. Ilituchukua miezi kumi na minne na ada za mawakili zilizomeza sehemu nene ya kile tulichokuwa tukikidai. Benki ikikata ada, hamia benki nyingine, kwa jina la shirika na namba ya shirika ya mlipakodi.

Weka watia saini wawili, na mtu wa tatu asiye na saini apokee taarifa ya benki moja kwa moja. Huyo wa tatu ndiye muhimu. Wawili wanaosaini hundi wanaweza kuwa walilala chumba kimoja mwaka 1988. Wa tatu awe mtu msiyempenda sana: yule anayeuliza risiti ya kahawa.

Usitumie neno "ndugu" badala ya stakabadhi. Katika vyama hivi kila mtu ni ndugu. Ndilo tamko la kiapo. Neno hilo ni tamu na ndilo linalofungua droo. Ukimwomba mwenzako hesabu akakujibu, "Huniamini, ndugu yangu?" jibu ni kwamba unamwamini na unasubiri hesabu.

Peleka fomu kwa mamlaka ya kodi kila mwaka, hata kama hakuna kilichoingia wala kutoka. Hapa ndipo matawi mengi yaliyolala hugeuka maiti. Tawi na kampuni ya nyumba mara nyingi hupata msamaha wa kodi kwa kifungu cha 501(c)(7), kile cha vilabu vya kijamii. Msamaha wenyewe haujilindi. Shirika ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka linajaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, kazi ya dakika chache. Mwaka wa hesabu ukiisha Desemba, mwisho ni tarehe 15 Mei. Ukiikosa miaka mitatu mfululizo msamaha unafutwa wenyewe kwa nguvu ya sheria, bila hukumu na bila kubembelezwa. Halafu kijana mwenye shauku anakuja mwaka wa tano kufufua tawi na kukuta kwamba kwanza anapaswa kufufua msamaha. Usajili wa jimbo nao una tarehe zake. Ziandike zote kwenye kalenda ya watu watatu, si mmoja.

Usichanganye sadaka ya elimu na fedha za nyumba. Mtu akitoa mchango kwa mfuko wa elimu wa 501(c)(3), anaweza kuupunguza kwenye kodi yake. Akitoa kwa tawi au kwa kampuni ya nyumba ya 501(c)(7), hawezi. Kwa hiyo msimwambie kwamba ni kitu kilekile. Na fedha zikishaingia kwenye mfuko wa elimu, ni za ufadhili wa masomo, vyumba vya kusomea na mafunzo. Hazitoki kwenda kutengeneza baa ya chini ya nyumba, hata mkiiita ukumbi wa majadiliano.

Angalia wapangaji wa nje. Nyumba tupu inatia hamu ya kuipangisha, na mara nyingi ndiyo busara. Lakini klabu ya kijamii inaruhusiwa kupata kutoka nje ya wanachama, pamoja na faida za uwekezaji, si zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake ghafi, na ndani ya hizo, si zaidi ya asilimia 15 kutokana na watu wa nje kutumia majengo na huduma zake. Tawi likiwa halina mwanachama hata mmoja anayelipa ada, asilimia hizo hupitwa kabla ya Krismasi. Muulizeni mhasibu kabla ya kusaini mkataba wa upangaji, si Aprili mwaka unaofuata.

Usiiuze nyumba kwa hasira, wala usiishikilie kwa mapenzi. Hili linahitaji kukaa chini. Upande wa kuuza: faida ya mauzo inaweza kutozwa kodi, isipokuwa kama fedha zitanunua nyumba nyingine kwa kazi ileile ndani ya muda unaoanzia mwaka mmoja kabla ya mauzo hadi miaka mitatu baada yake. Miaka mitatu ni mifupi kuliko kifungo cha matawi mengi. Upande wa kushikilia: kodi ya ardhi, paa, na baridi. Mtu aliyekulia Tanga hajui baridi inaweza kufanya nini kwenye bomba la maji katika nyumba isiyo na moto ndani. Nililijua nilipoona dari ya ukumbi wetu imelala sakafuni Februari. Kampuni za bima nazo zinaitazama nyumba tupu kwa jicho jingine, na usipowaambia kwamba iko tupu, wanaweza kukataa kulipa.

Tena kuna la mji. Alpha Delta ya Dartmouth, ambayo mmoja wa waandishi wa filamu ya *Animal House* ya 1978 alikuwa mwanachama wake, ilinyang'anywa utambuzi na chuo mwaka 2015 baada ya wanachama kuchomwa alama mwilini. Nyumba haikuwa ya chuo. Hata hivyo mji wa Hanover ulisema kwamba haiwezi kuendelea kuwa makazi ya wanafunzi bila uhusiano na chuo, wahitimu wakapanda mahakama mpaka ile ya juu ya New Hampshire, na 2017 wakashindwa. Kumiliki kuta si kumiliki ruhusa ya kulaza watu ndani yake. Nendeni ofisi ya mipango miji mapema, mkiwa wapole.

Weka vinyunyizio vya maji vya kuzima moto kabla ya kupaka rangi. Tarehe 12 Mei 1996, asubuhi ya mahafali, nyumba ya Phi Gamma Delta mjini Chapel Hill, North Carolina, iliungua na wanafunzi watano wakafa. Mji ule baadaye ulilazimisha vinyunyizio kwenye nyumba za aina hiyo. Mhitimu atakayesema fedha za ukarabati zianzie kwenye meza ya biliadi atolewe kwenye kamati ya ukarabati.

Usigawe akiba. Wala kuila kwa hafla za wahitimu. Madai ya kisheria kuhusu mambo yaliyotokea tawi likiwa hai yanaweza kufika baada ya kufungwa, na bima ina mipaka yake.

Usifufue kwa siri. Chuo kikifunga tawi, kwa kawaida huliweka nje kwa miaka minne au zaidi, hesabu ikiwa rahisi: kila aliyekuwemo awe amehitimu, na mila mbaya ikose mtu wa kuirithisha. Wahitimu wanaofadhili vijana kuendelea kichinichini kwenye nyumba ya kupanga wanaifuta hesabu hiyo na kuanza upya kifungo. Wanajiweka pia kwenye dhima bila bima ya makao makuu ya kitaifa. Na kuna vyuo ambako hakuna wa kumngoja. Colby na Amherst zilifuta fratenati mwaka 1984. Kama tawi lenu lilikuwa huko, geuzeni fedha ziwe ufadhili wa masomo mkiwa bado hai wa kusaini.

Pelekeni barua kwa pande zote mbili, chuo na makao makuu, angalau miaka miwili kabla ya tarehe mnayoitaka. Chuo kinaweza kukubali na makao makuu yakakataa, au kinyume chake. Mkishapata ndiyo mbili za maandishi, ndipo mchange.

Changeni kwa daftari la ahadi na daftari la taslimu, mbalimbali. Sisi tuliolelewa kwenye kamati za harusi hatuhitaji kufundishwa hili, lakini Wamarekani wanahitaji. Kwenye chakula cha jioni, mbele ya picha za zamani, mzee ataahidi dola elfu kumi na machozi juu. Asubuhi ataleta elfu moja. Bajeti isimame juu ya elfu moja. Kwenye kadi ya mchango pawe na sentensi inayosema fedha zitakwenda wapi ikiwa tawi halitarudi: kurudishwa, au kwenda kwenye ufadhili. Bila sentensi hiyo, mtakapokwama mtakuwa na wachangiaji arobaini na maoni arobaini.

Msiwasimulie vijana wapya mlivyoteswa. Mnadhani mnachekesha, wao wanaandika maelekezo. Tangu Desemba 2024 Marekani ina sheria ya shirikisho, Stop Campus Hazing Act, inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vya wanafunzi vilivyopatikana na hatia ya kutesa wanaoingia. Pennsylvania, baada ya kifo cha mwanafunzi 2017, ilipitisha sheria inayoruhusu mahakama hata kutaifisha nyumba. Hadithi yenu ya usiku wa 1991 inaweza kugharimu paa mlilolitunza miaka mitano.

Wala msitafute vijana wanaofanana na ninyi. Tulipofungua usajili, wazee wetu walitaka wanamichezo kutoka shule fulani. Waliojitokeza walikuwa watoto wa wahamiaji, wahandisi, mmoja Mkongo aliyezungumza Kiswahili cha Lubumbashi na kunicheka lafudhi yangu. Hao ndio waliojaza orodha. Bodi ikanung'unika, mimi nikaandika namba za ada zilizolipwa ubaoni na kukaa kimya.

Siku ya kurudishiwa hati, kabidhini yaliyo yao tu. Akaunti ya uendeshaji ni ya vijana, pamoja na mshauri mhitimu anayeiona mtandaoni bila uwezo wa kutoa. Akaunti ya nyumba inabaki kwenye kampuni ya nyumba, na vijana wanalipa kodi ya pango kwa mkataba, kama mpangaji yeyote. Wapeni nakala za fomu za kodi za miaka yote ya usingizi, muhtasari wa kila kikao, na orodha ya madeni, likiwemo lile dogo la aibu. Neno la siri la benki libadilishwe mchana huohuo, kabla ya chakula, na mweka hazina wa zamani awepo akiona linabadilishwa.