Watoto wa Marui Hotelini

Katika wilaya ya Kisarawe, upande wa bara wa mji wa Dar es Salaam, liko eneo liitwalo Marui. Huko, kama katika sehemu nyingi za Uzaramo, mtoto hujifunza kula mkekani kabla hajajua kusoma. Kwanza birika na bakuli hupitishwa, watu wakanawa mikono. Kisha huletwa sinia moja ya wali au ugali, na kitoweo katikati. Mtoto hula kwa mkono wa kuume, tena hula upande wake tu, wala hapeleki mkono mbele ya mwenzake. Mchuzi huchovya kidogo. Nyama haigusi mpaka mkubwa wao aigawe. Mtoto adokoaye nyama mapema huitwa mroho, na aibu yake humwangukia mama yake.

Hoteli kubwa ina desturi nyingine. Zamani za Wajerumani mji wa Dar es Salaam ulikuwa na hoteli iliyoitwa Kaiserhof. Baada ya vita vya 1914–1918, Waingereza walipotawala, ikaitwa New Africa Hotel. Na karibu na hapo sanamu ya Askari ilisimamishwa mwaka 1927. Siku zile Mwafrika aliingia katika hoteli za namna ile kupika, kufua na kuandika meza, wala si kuketi mezani. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na sasa mwenye fedha yake huingia.

Basi babu mmoja wa Marui alialikwa na mwanawe, afanyaye kazi bandarini, waende wote kula katika hoteli kubwa ya mji: babu, bibi, baba na mama, na watoto wawili, mvulana wa miaka 7 na msichana wa miaka 4. Hotelini mtu huchagua chakula katika karatasi, kisha hungoja kipikwe, na kungoja huko ndiko kuwashindako watoto. Bibi alilijua jambo hilo. Kabla hawajaingia aliwapa wajukuu wake vipande vya muhogo wa kuchemsha. Mwanawe akaona haya, akasema, “Mama, tunakwenda kula.” Bibi akajibu, “Mwanangu, mtoto mwenye njaa hasikii neno.” Naye alisema kweli. Yule msichana alishuka chini ya meza mara mbili tu, akarudishwa bila kilio. Na kwa mtoto wa miaka 4 hilo si kosa.

Chakula kikaja, wali na kuku, kila mtu na sahani yake, kisu kuumeni na uma kushotoni. Mvulana akatazama meza ya jirani, akanong’ona, “Babu, mbona yule bwana anakula kwa mkono wa kushoto?”

Babu akamjibu taratibu, “Mjukuu wangu, chakula ameshika uma, mkono wake haukukigusa. Ndiyo desturi ya meza hizi.”

Mtumishi wa meza, mtu mzima mwenye adabu, alisikia. Akaenda akaleta birika na bakuli, akawanawisha wote, mkubwa kwanza. Wakala kwa mkono, wala hakuna aliyewacheka.

Lakini baada ya kitambo mvulana akaacha kula, akaketi ametulia, mikono magotini. Baba yake akamwambia kwa sauti ya chini, “Kula! Chakula hiki ni cha fedha nyingi.” Mtoto akainamisha macho. Mtumishi akauliza kama kuku hakupikwa vema. Baba akazidi kuona haya, akataka sahani iondolewe.

Babu akasema, “Ngoja kwanza.” Akaitazama ile sahani. Wali ulikuwa umeliwa upande mmoja, ule ulio mbele ya mtoto, na mchuzi umechovywa kidogo. Kipande cha kuku kilikuwa vile vile kilivyoletwa.

Babu akavuta sahani yake, akamkata kuku wake vipande vidogo kwa mkono wa kuume. Akampa msichana kipande kimoja, akampa na mvulana kimoja, akakiweka juu ya wali wake.

“Ahsante, babu,” akasema mvulana, akala nyama.